Tabaka la Kati

Krr. Krr. Kikapita kimya kidogo, halafu gudu-gudu-gudu, maji yakishuka kooni kwa mtu aliyetoka mbali.

"Ndivyo nilivyosikia, afande," Awuor alisema. "Wiki mbili nyuma, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, giza mpaka huoni kiganja chako. Nikasikia kifuniko cha dumu kinafunguliwa pale mlangoni. Nikajua ni Princess. Nikamwambia, mwanangu, tumia kikombe. Hakuna aliyejibu. Asubuhi nikakuta kikombe kikavu."

Sajenti Teodora Chenge alilitazama dumu lenyewe. Lilikuwa la njano, limeegemea ukuta nyuma ya mlango, limejazwa mpaka shingoni. Juu yake kikombe cha bati kilikuwa kimefunikwa kifudifudi.

"Na mlango?"

"Nilikuwa nimetia komeo. Asubuhi nikalikuta limevutwa. Nikajisema labda nilisahau."

"Hukusahau, shemeji," alidakia Agutu kutoka kwenye kiti. "Nimekueleza tangu juzi. Aliyekufa maji, kiu yake haifi naye. Ile ni roho ya mdogo wangu, inazunguka kwa sababu haijalazwa mahali."

"Mzee Agutu," Teodora alisema, "roho inahitaji kuvuta komeo?"

Agutu alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeongea wakati wa sala. "Afande, wewe ni Msukuma. Haya ni ya kwetu."

"Nayaheshimu, mzee. Nimeuliza tu habari ya komeo."

Aliinama akalishika. Komeo lilikuwa la chuma chembamba, limepigiliwa chini sana, usawa wa kiuno chake. Fundi wa nyumba za kupanga za Mkolani alikuwa ameyapigilia yote hivyo, sijui alikuwa mfupi au alikuwa na haraka.

Nyuma ya pazia, juu ya kitanda cha Gidion Ooko, mume wa Awuor, kitu kirefu kilikuwa kimelazwa ndani ya shuka jeupe. Mtu asiyejua angedhani ni mtoto aliyelala. Lilikuwa tunda la mwegea, lile ambalo Wajaluo huliita yago. Mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, ndugu zake hulizika tunda hilo badala yake, kwa kilio na kwa heshima zote, ili awe na kaburi. Agutu alikuwa amelileta mwenyewe kutoka Rorya. Kesho alfajiri wangepanda basi Buzuruga, wao na tunda lao, wakamzike Gidion kwao.

Kilichobaki kilikuwa karatasi ya polisi ya kulifunga jalada. Jalada hilo lilikuwa mezani kwa Teodora tangu kabla ya Pasaka. Gidion na shemeji yake Josephat, mdogo wake Awuor, walitoka na mtumbwi upepo ukiwa tayari umeanza kugeuka. Josephat aliokotwa, akazikwa. Mtumbwi uliokotwa. Gidion hakuonekana, si mzima si mfu.

Halafu wiki hii wavuvi wa upande wa Magu waliokota kopo la kutolea maji mtumbwini. Lilikuwa dumu la njano lililokatwa nusu, upande wa mkono na shingo ukabakizwa, pamoja na kifuniko chake. Ubavuni lilichomwa alama kwa chuma cha moto: duara moja na mistari mitatu chini yake. Mwalo mzima wa wavuvi uliijua alama ya Gidion.

"Ziwa limeanza kurudisha vitu vyake," Agutu alisema. "Linatuambia tumalize. Mama yetu haoni tena vizuri, anauliza kila siku, mwanangu amelala wapi? Nimjibu nini? Tia saini, afande, tukamlaze."

Awuor alikuwa amesimama kando ya dumu, mkono juu ya kifuniko. Alikuwa mwembamba kuliko siku Teodora alipomwona mara ya kwanza. Kwenye kamba nyuma yake shati la bluu la mwanamume lilikuwa limeanikwa, limefuliwa, na ukutani kulikuwa na msumari mtupu wa kulitundika likikauka.

"Mimi nina swali moja tu," Awuor alisema taratibu. "Nikishamzika, halafu arudi?"

"Aliyezikwa haingii tena kwa mlango wake," Agutu alijibu. "Hata akija mwenyewe kwa miguu yake, si wako, si wetu. Ndiyo maana hatuziki kwa mchezo. Tumesubiri, shemeji. Tumesubiri vya kutosha."

Teodora alilichukua lile kopo mezani, akatoka nalo nje kwenye jua.

Mlangoni Princess alikuwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. Alikuwa bado hajaanza shule. Mguu mmoja ulikuwa na ndala ya kijani iliyomzidi, mwingine mtupu.

"Mrembo, ndala nyingine iko wapi?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, halafu chini.

"Usimuulize huyo habari za ndala," Awuor alisema kutoka ndani. "Nimemnunulia mpya, hata hazijachakaa akapoteza moja. Nimemchapa, hasemi. Sasa anavaa ya jirani."

Teodora alitabasamu. Wa kwake nyumbani alikuwa na soksi nne, zote za mguu wa kulia. Akaligeuza kopo, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa. Mkato ulikuwa safi, wa kisu kilichopashwa moto. Akaacha kutabasamu.

Ukingo ule haukuwa wa rangi moja. Nje ulikuwa njano na ndani mweupe kama maziwa. Katikati palipita mstari mwembamba wa kijivu wenye madoadoa, kama moyo wa mkate wa dona.

"Awuor, una dumu lingine la zamani? La wakati wa Gidion?"

"Lipo lililopasuka. Napandia mchicha."

Lilikuwa uani, limekatwa juu, udongo umejaa. Teodora alipangusa ukingo wake kwa kanga ya Awuor. Ulikuwa njano kutoka nje mpaka ndani.

"Haya mawili yalinunuliwa sehemu moja?"

"Gidion hanunui kwingine. Buzuruga, kwa yule mama mnene, yote ya kiwanda kile kile cha hapa Mwanza."

"Mzee Agutu," Teodora alisema, "karatasi yako utaipata leo hii. Lakini kwanza nipe mpaka jioni."

* * *

Kiwandani kelele zilikuwa za kukaba. Hellen, msimamizi wa ubora, alitoka akiwa na vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni kama hereni. Yeye na Teodora walikuwa wamesoma pamoja madarasa ya jioni, wakigawana kitabu kimoja na andazi moja.

"Teodora! Umekuja kunikamata au kunialika harusi?"

"Harusi ya nani? Nina mtoto anayeota meno. Nimekuletea mgonjwa." Akampa kopo.

Hellen alilipindua mara moja. Alitoa wembe mfukoni, akachana ukucha wa plastiki kutoka ukingoni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Matabaka matatu. Huyu si mgonjwa, huyu ni mtoto wangu. Njoo."

Alimpeleka mbele ya mashine moja ndefu. Juu yake kulikuwa na mapipa matatu ya kumiminia punje za plastiki.

"Zamani pipa lilikuwa moja," Hellen alisema, akipaza sauti. "Punje zinaingia, skrubu inazisukuma huku zinayeyuka, zinatoka chini. Ukuta wa dumu unakuwa kitu kimoja. Sasa skrubu ni tatu, kila moja na plastiki yake, na zote zinakutana kichwani hapo. Tazama."

Kutoka kwenye kichwa cha mashine kulikuwa kunashuka bomba laini la plastiki ya moto, linaning'inia kama mkono wa sweta. Vipande viwili vya moldi, kalibu ya chuma, vikaja kutoka pande zote mbili vikalibana. Hewa ikapuliza, fsss. Moldi zilipoachana, dumu zima lilikuwa limesimama pale, na mkono wake na shingo yake, likitoa mvuke.

"Nje tunaweka rangi ambayo mteja anaipenda. Ndani tunaweka plastiki safi, kwa sababu ya maji ya kunywa. Katikati tunaweka mabaki yetu wenyewe tuliyosaga, vile vipande vinavyokatwa pembeni. Katikati ndiko tunakofichia umaskini wetu," Hellen alicheka. "Mteja haoni mpaka alikate."

"Na hii mlianza lini?"

"Mashine tumeifunga hapa baada ya Saba Saba ya mwaka huu. Nakumbuka kwa sababu likizo yangu ilifia hapo."

"Hakuna dumu lingine la matabaka sokoni? Linalotoka nje?"

"Yapo. Ya dawa za pamba yanakuja na matabaka siku nyingi. Lakini hebu subiri." Hellen aliweka kidole begani mwa kopo, karibu na shingo. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, umejitokeza kama kovu la chanjo. "Siku tunaifunga mashine, mafundi waliiangusha moldi. Ilipata jeraha. Bosi akasema bado inafaa, itumike. Kila dumu linalozaliwa humo lina kovu hilo. Kagua lile lililotoka sasa hivi."

Teodora alikagua. Kovu lilikuwepo, mahali pale pale, lenye umbo lile lile.

"Hellen, mwenye kopo hili alipotea ziwani kabla ya Pasaka."

Hellen aliutazama ule ukucha wa plastiki kwenye kiganja chake. Kicheko kilimwisha.

"Kabla ya Pasaka," alisema, "dumu hili lilikuwa bado ni punje kwenye gunia."

* * *

Jioni ile nyumba ya Mkolani ilikuwa imejaa. Majirani walikuwa wamekuja na mikeka. Mtu alikuwa ameanza wimbo wa msiba kwa sauti ya chini, kama anayeujaribu kwanza. Teodora aliomba abaki na watu wawili tu ndani, Agutu na Awuor. Princess aliachwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtoa. Alikuwa amekaa kwenye kona karibu na dumu.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Umeileta karatasi?"

"Nimeleta swali. Dumu la njano ulilinunua lini?"

"Dumu gani?"

"Hili." Akaliweka kopo mezani. "Limetengenezwa baada ya Saba Saba. Gidion alipopotea lilikuwa halipo duniani. Mtu amelinunua jipya, amelikata, amelichoma alama ya ndugu yako, amelitupa ufukweni. Mtu mwenye haraka ya mazishi."

Agutu hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomfanya Teodora amtazame vizuri zaidi.

"Unataka kusema mimi nimemzika mdogo wangu kwa hila."

"Nauliza."

"Mimi ni fundi wa baiskeli, afande. Miaka yangu yote nimekaa Rorya nchi kavu, maji nayaogopa. Hilo kopo nililetewa na wavuvi, na wavuvi wapo, waulize. Nina haraka, ndiyo. Mama yangu anakufa akimwita mtu. Lakini mimi sina mkono wa kukata hivyo. Umeona ukingo? Amekata kwa kisu cha moto, halafu akaukunja kwa ndani, ili usikwaruze mbao za mtumbwi. Huyo ni mtu wa maji."

"Watu wa maji ni wengi."

"Wengi. Na kila mmoja ana lake." Agutu alilivuta kopo, akagonga kifuniko chake kwa kucha. "Kopo la mtumbwini halitakiwi kuvuja shingoni. Wengine wanaziba kwa nailoni, wengine kwa gundi. Gidion alikuwa anaziba kwa ndala. Anakata kiduara, anakiweka ndani ya kifuniko. Ndala ya mtoto. Alikuwa anasema ya mtu mzima imeshakanyagwa mpaka imekufa, haizibi. Tulikuwa tunamcheka."

Awuor alikuwa ameinua kichwa. "Tena lazima iwe ya Princess," alisema. "Zikimbana tu, anazichukua. Alikuwa anasema ndiyo namna yake ya kwenda na mtoto kazini."

Hakuna aliyekuwa amekifungua kile kifuniko. Wavuvi hawakuwa na sababu, na Agutu aliona ni kama kufungua macho ya maiti. Kilikuwa kimekazwa hasa. Teodora alikifunika kwa pindo la kanga ya Awuor, akasokota. Krr. Kikalegea. Krr.

Awuor alishtuka kwa ule mlio. Teodora aliona, akaendelea kuzungusha.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na kiduara cha raba, kimekatwa sawasawa. Kilikuwa cha waridi. Juu yake, nusu imebaki na nusu imekatwa, palikuwa na kipepeo mweupe.

Awuor alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda kile cha tunda, akatoa ndala moja ndogo. Ilikuwa ya waridi, na kwenye soli ilikuwa na vipepeo weupe wamepangwa mpaka kisiginoni. Ilikuwa ya mguu wa kushoto.

"Nilimnunulia Nane Nane," alisema. "Afande, hizi nilizinunua Nane Nane. Gidion hajawahi kuziona."

Nje ule wimbo ulikuwa umepata watu watatu, wanne. Mtu alikuwa anaujua vizuri sasa.

Teodora alikilinganisha kiduara na ndala. Kipepeo kwa kipepeo, hakuna shaka. Akageuka.

"Mzee Agutu, ulifika kwa mara ya kwanza lini hapa?"

"Juzi, na tunda. Awuor shahidi."

"Kweli," Awuor alisema. "Ndala ilikuwa imeshapotea. Ilipotea asubuhi ile ile ya..."

"Ya kifuniko," Teodora alimalizia.

"Ya kifuniko."

"Mtu aliingia, akanywa maji, akaondoka na ndala moja ya mtoto. Hakuchukua redio wala simu. Awuor, fikiri vizuri. Nani angeweza kuja nyumbani kwako asibishe hodi?"

Ni Agutu aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayetembea juu ya mbao asizoziamini.

"Wewe si ndiye uliyesema, shemeji? Pale mwaloni, walipomtoa Josephat. Mbele ya mitumbwi yote. Ulisema, Gidion akirudi bila mdogo wangu, asirudi kabisa."

"Nilikuwa nalia!" Awuor alisema. "Mtu analia anasema chochote! Mdogo wangu alikuwa chini pale na mchanga puani, ungetaka niseme nini? Tangu siku ile namjazia dumu mpaka shingoni kila jioni, kwa sababu akitoka ziwani huwa hawezi kuongea mpaka anywe. Nalala bila kuziba masikio. Kila gari likipita barabarani natega sikio." Alilishika lile shati la bluu kwenye kamba, akaliachia. "Nilikuwa nalia tu."

"Maneno ya mwaloni yanavuka maji," Agutu alisema kwa upole. "Mpaka kwenye kambi za visiwani yanafika."

Teodora alirudi mlangoni, akaliangalia tena komeo. Likitiwa kutoka ndani, mtu aliye nje hawezi kulifikia, hata kwa waya, kwa sababu mlango ulikuwa hauna hata upenyo. Alikuwa ameyajua hayo tangu asubuhi. Asichokijua ni nani aliyelivuta. Awuor alikuwa kitandani, akisema mwanangu tumia kikombe. Roho haivuti komeo. Alishuka taratibu mpaka akachuchumaa, na alipochuchumaa komeo lilikuwa mbele ya macho yake, mahali panapofikiwa na mkono mdogo bila kujinyoosha.

Akageuza shingo, bado amechuchumaa. Yeye na Princess wakatazamana, usawa mmoja.

"Mama hatakuchapa," Teodora alisema.

Princess alimwangalia Awuor, akaiangalia ndala ya waridi mkononi mwake. Mguu wake mtupu ulikuwa unakwangua sakafu.

"Sema, mama yangu," Awuor alinong'ona. "Sikuchapi tena. Sikuchapi."

Nje wimbo ulikuwa umefika mahali pa kuitikiana, na wenyewe wakavuta pumzi kabla ya kujibu. Ndani ya pumzi hiyo mtoto alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ndala nilimpa baba."